Kujitolea katika Caritas ya parokia bila kuwa na pesa

Dada mpendwa, umeuliza kama unaweza kujiunga na kamati ya Caritas (huduma ya Kanisa Katoliki ya kusaidia wahitaji) ya parokia yenu hapa Goma ingawa huna pesa, kwa kuwa mumeo anasema kazi hiyo ni ya matajiri. Kwa heshima yake, sikubaliani naye: Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho Frédéric Ozanam na wenzake walikianzisha Paris mwaka 1833, kilianza na wanafunzi waliowatembelea maskini majumbani mwao.

Anzia katika shirika lenu la mtaani, yaani jumuiya ndogo ya waamini majirani, maana huko ndiko wanakojua mjane yupi amelala njaa na mgonjwa yupi hana wa kumchotea maji. Orodha ya watakaopewa unga na maharagwe isomwe mbele ya wanashirika wote kabla ya ugawaji, na kila kopo lipimwe hadharani, kwa sababu ndugu za wanakamati wakitangulia (jambo ambalo, tuseme ukweli, hutokea) manung'uniko huanza siku hiyohiyo. Usimuulize mhitaji dhehebu lake, wala usimpige picha akipokea. Mumeo naye mwalike katika ziara moja ya wagonjwa.