Maswali ya Wasomaji: Siku nne mjini Lisbon

SWALI: Mhariri, mimi na mke wangu tunakusudia kukaa Lisbon siku nne mwezi Mei. Tunapenda historia na sanaa, ila hatupendi kukimbizana na ratiba. Tuanzie wapi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Anzeni mtaa wa Belém, hasa kwa kuwa mnatoka katika mji wenye Fort Jesus: ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, karibu na mlango, limo kaburi la Vasco da Gama, ambaye mwaka 1498 alifika Mombasa, asipokewe vizuri, akaendelea hadi Malindi. Monasteri hufungwa Jumatatu, basi siku hiyo tembeeni Alfama, mtaa wa vichochoro na ngazi ulionusurika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la ardhi la 1755. Nendeni kwa miguu, maana tramu namba 28, pamoja na sifa zake zote, husongamana mno na wezi wa mifukoni huipenda kuliko watalii.

Kwa upande wa sanaa, makumbusho ya taifa ya vigae yana picha ndefu ya vigae vya buluu na vyeupe inayoonyesha mji ulivyokuwa kabla ya tetemeko, ingawa ni vyema kuthibitisha kwanza kwamba hayajafungwa kwa ukarabati. Jioni moja iachieni LX Factory, viwanda vya zamani vya Alcântara vilivyogeuzwa studio, migahawa na duka la vitabu ambamo mtambo wa uchapaji ungali umesimama.

Ombi la viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwemo, huwasilishwa angalau siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Ninyi ombeni mapema zaidi.