Mbia wako akiwa machimboni na wewe ukiwa mjini

Anayeweka fedha kwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, huku akiishi mjini hupata hasira za aina yake, kwa sababu kila akipiga simu huambiwa kwamba mwamba wenye dhahabu umekaribia, matimba (magogo ya kuzuia shimo lisiporomoke) yamekwisha na dizeli iliyobaki haifiki kesho. Mimi nina mbia wa namna hiyo huko Chunya, mkoani Mbeya. Si mwizi, na ninalisema hili mapema kwa kuwa wengi wenye malalamiko kama yangu hukimbilia tuhuma ya wizi, ambayo ikishatamkwa hairudi, nayo huvunja ubia kabla hesabu haijafanyika. Tatizo lake ni kwamba fedha ya chakula cha vijana, ya kukodi kompresa na ya ada za wanawe zilitoka mfuko mmoja, hata yeye mwenyewe akawa hajui duara limeingiza nini.

Nashauri kwanza uache kumdai ripoti. Asiye na mazoea ya kuandika, ukimbana, atakuandikia ya kubuni ili uridhike. Fuata vitu vinavyohesabika bila yeye. Mifuko ya mawe ikitoka shimoni hupangwa mdomoni mwa duara kabla ya mgao kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Hapo ndipo pa kuweka daftari, na mwandishi awe mtu asiyehusika na kuomba fedha. Kwetu kazi hiyo alipewa mama anayewapikia vijana, ambaye tayari alikuwa na daftari la sahani za ugali na madeni ya kila mmoja, na kwa usahihi wa hesabu anawashinda makarani wengi niliowahi kufanya nao kazi. Mifuko ileile ihesabiwe tena ikifika kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe. Namba hizo mbili zilipopishana kwa mara ya kwanza, mabishano yetu yalipata kitu cha kushika.

Lakini fedha nyingi zaidi zilikuwa zikipotelea mwaloni, mahali pa kusagia na kuoshea mawe. Mawe yakishasagwa, kuoshwa na kukamatwa kwa zebaki, hubaki marudio, yaani mchanga ambao bado una dhahabu ya kutosha kiasi kwamba wenye mitambo ya kemikali ya sayanaidi huununua na kuuchenjua upya. Mbia wangu alikuwa akimwachia mwenye karasha marudio yote kama sehemu ya malipo ya kusagia, bila kuyapima wala kuyapangia bei. Nilipomuuliza alinijibu, "Ule ni mchanga tu, kaka." Kama mna utaratibu huo, kubalianeni upya: lipeni usagaji kwa fedha taslimu, kisha marudio yapimwe na yauzwe kwa jina la ubia.

Kwenye mauzo kazi ni nyepesi zaidi. Tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, dhahabu inayouzwa kihalali hupimwa hapo na kukatwa mrabaha (sehemu ya serikali) na ada ya ukaguzi, na nyaraka hutolewa. Omba picha ya nyaraka hizo siku ileile ya mauzo. Mbia anayesema ameuza kwa mtu wa pembeni kwa kuwa bei ilikuwa nzuri anahatarisha pia leseni ya aliyewapa eneo, kwa hiyo hilo lisiwe jambo la kujadiliana. Pia pita mwenyewe kwa Afisa Madini Mkazi uulize kama ada ya mwaka ya leseni hiyo imelipwa.

Hayo yakikaa sawa, usimnyang'anye mbia shimo. Wangu anausoma mwamba kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na vijana humfuata chini bila kusitasita. Kilichoondolewa mikononi mwake ni fedha peke yake, ambazo sasa hutoka benki kwa saini zetu wawili. Alinuna, na bado hunikumbusha jambo hilo kila tunapokaa kula. Kama wako atakataa kabisa, andikeni mapema, mbele ya wakili, nani atabaki na winchi, pampu na mawe ambayo hayajasagwa, maana ubia ukivunjika mawe hayo ndiyo hugombaniwa kwanza.