Usiwamwagie formalini wote!

Mkuu, acha kwanza. Umeandika kwamba nematodi, hao minyoo wadogo sana uliowatoa kwenye udongo wa migomba huko Kiwira, unawatia wote kwenye formalini, ile dawa ya kuzuia kuoza, kesho asubuhi, halafu ndiyo uulizie hadubini ya kununua na jarida la kutangazia spishi mpya. Mimi nilifanya hivyohivyo, Rungwe hiyohiyo, na kazi ya mwaka mzima ikaenda na maji.

Wangu walikuwa wa jenasi ya Helicotylenchus. Hawa ukiwaua taratibu kwa joto, kila spishi hulala na umbo lake. H. multicinctus, mkazi wa mizizi ya migomba, hupinda kama herufi C. H. dihystera hujiviringisha kama konokono. Umbo hilo ni sehemu ya utambulisho wao. Mimi niliwamwagia formalini ya baridi wakiwa hai. Wakafa wakijinyonganyonga: mmoja ndoano, mwingine fundo, ngozi zimesinyaa. Nikakaa kwenye hadubini, na lenzi ya mafuta, nikihesabu pete za midomoni, nikapata sita, nikazichora, nikaandika kwamba hiyo ndiyo tofauti yao. Kumbe mbili ni mikunjo ya ngozi! Na vile vipimo vya de Man, a, b, c na V, yaani uwiano wa sehemu za mwili unaotumika kutambulisha nematodi, vyote vinaanzia kwenye urefu wa mwili. Mnyoo aliyesinyaa humpimi, unamkisia.

Hata hivyo ningestahimili. Kilichonimaliza ni DNA. Mtaalamu niliyemtumia picha aliuliza swali moja tu: umebakiza wangapi nje ya formalini? Sikubakiza hata mmoja. Formalini huifungafunga DNA na kuikatakata, kuisoma baadaye ni mateso. Nikapanda gari kurudi shambani. Nikakuta migomba imeng'olewa, matuta ya viazi yamejaa mpaka kwenye mfereji.

Aliyenielekeza ni mtu wa maabara, koti jeupe, sauti ya kujiamini: "Weka formalini, hawataoza." Hakuniuliza nawapeleka wapi wala nataka kuwafanyia nini. Kutooza na kufaa kwa maelezo ya spishi ni mambo mawili tofauti, na yeye alipaswa kulijua hilo kabla yangu. Bado nina hasira naye.

Kwa hiyo gawa kwanza. Kabla hujagusa kemikali yoyote, gawa. Fungu moja libaki hai kwenye maji safi, mahali pa baridi, na ndani ya siku chache uwahamishie kwenye DESS, ule mchanganyiko wa kemikali za DMSO na EDTA pamoja na chumvi iliyokolea, unaohifadhi DNA. Hao ni wa DNA. Fungu la pili liweke kwenye kijichupa chenye maji kidogo, ukisimamishe ndani ya maji ya nyuzi 60 hadi 65 kwa dakika mbili. Tumia kipimajoto, usikisie kwa kidole, maana yakichemka sana unawaharibu pia. Wakishatulia na kulala na umbo lao, ndipo uongeze formalini mpaka ifike asilimia 4, ukiwa nje penye hewa. Humo ndimo itakamotoka holotaipu yako, kielelezo rasmi cha spishi mpya, yule mmoja ambaye kila atakayebishana na wewe atarudi kumtazama.

Na ule udongo uliobaki usiumwage wala usiuanike! Funga mfuko, weka kivulini. Umeshawatia tayari? Niandikie usiku huuhuu, kabla mwenye shamba hajashika jembe.