Uliza Fundi: fensi ya msumeno wa meza na jigi za kujitengenezea

Maswali ya safari hii karibu yote yameangukia kwenye fensi, ile reli ya pembeni mbao inapoegemea ikipasuliwa, sijui mmeambizana. Basi tukae hapo hapo. Kabla hujagusa chochote nilichoandika hapa chini kwa ajili ya kupima au kufunga, plagi itoke ukutani, siyo swichi tu kuzimwa.

Fundi salama? Nina msumeno mdogo wa meza, fensi yake fupi na nyepesi. Nikipasua, mbao inaungua upande wa fensi alafu mwishoni inakuwa ngumu kusukuma. Jamaa kaniambia nifunge plaiwudi ndefu kwenye fensi itanyooka. Nianzie hapo? – Mpenda Mbao

Salama kabisa. Jamaa yako kakupa nusu ya jibu. Plaiwudi itanyoosha uso wa fensi, ila namna fensi inavyokaa ikishafungwa haibadilishi, na dalili unazotaja ni za fensi iliyofunga nyuma, yaani sehemu ya nyuma, ile ya mbali nawe, iko karibu na bledi kuliko ya mbele, kwahiyo mbao inabanwa kati ya bledi na fensi, inaungua, na siku ikichoka kuungua inakurudia kifuani.

Anza na bledi yenyewe. Weka alama kwenye jino moja, pima kutoka kwenye jino hilo mpaka kwenye gruvu ya mezani (ule mfereji ulionyooka kwenye uso wa meza) bledi ikiwa imezungushwa mbele, kisha lizungushe jino hilo hilo mpaka nyuma upime tena. Vipimo vikilingana, bledi iko sambamba na gruvu. Sasa funga fensi kama unavyoifunga ukiwa kazini, pima toka fensi mpaka gruvu, mbele na nyuma. Ilingane, au nyuma iwe imeachia kidogo sana, unene wa karatasi unatosha. Kufunga nyuma hapana, hata kidogo. Na urudie mara kadhaa, fungua funga, maana hizi fensi nyepesi zingine kila ukifunga zinakuja na jibu lake.

Ikishakaa sawa ndo uweke plaiwudi yako ya mm 18. Plaiwudi mi naipenda kuliko mbao nzima kwa sababu haipindi pindi hali ya hewa ikibadilika. Kwenye ukingo wa chini, ule unaogusa meza, ondoa kijingazi cha mm 3 kwa 3 urefu wote, unga wa mbao uingie hapo badala ya kukaa kati ya fensi na mbao yako. Kitu kidogo ila wengi wanasahau, alafu wanashangaa vipimo vinacheza. Vichwa vya bolti vizamishe kabisa.

Na mashine yako ikiwa ya kupasua mbao nzima tu, siyo plaiwudi, fikiria kinyume: funga kipande kifupi kinachoishia usawa wa katikati ya bledi. Ulaya fensi fupi za hivyo zimezoeleka sana. Mbao yenye mkazo ndani ikishapasuliwa hutanuka, na kukiwa na nafasi upande wa fensi nyuma ya bledi inakwenda kutanukia huko badala ya kujibana.

Nataka kukata ribeti za fremu, ile ngazi ya pembeni. Naogopa bledi isije ikala fensi ya chuma. – Mama Fremu

Hapo unatengeneza fensi ya kuliwa, mama. Plaiwudi ile ile ya mm 18, unaifunga kwenye fensi kwa bolti kutokea nyuma kama fensi ina matundu, au kwa klampu 2 zilizokaa juu mbali na njia ya mbao. Bledi ishushe mpaka izame chini ya meza, sogeza fensi mpaka plaiwudi ifunike bledi kama mm 10, hakikisha kwa macho yako kwamba chuma hakijafika juu ya bledi, funga, washa, kisha pandisha bledi polepole ijichimbie shimo lake. Pandisha mpaka juu kidogo ya kina unachohitaji, basi. Shimo hilo ni la kudumu, hiyo fensi itakuwa ya ribeti maisha yake yote.

Kwa bledi ya kawaida utapita mara kadhaa, kila mara unasogeza fensi chini kidogo ya upana wa njia ya bledi, na mbao iwe imelala. Usikate mikato miwili ya kukutana halafu kile kijiti kinachokatika kikabaki kati ya bledi na fensi, kitachomoka kama mshale na we umesimama nyuma yake. Ukikata kwa kupita pita yote inageuka unga, hamna cha kuruka. Kifuniko cha bledi kitakuwa kimetoka kwa kazi hii, kirudishe ukimaliza, siyo kesho.

Nimetengeneza kile kibao chenye vidole cha kubana mbao kwenye fensi. Kinabana vizuri lakini mbao inakwama katikati. Vidole vinene sana au? – Fundi Msasa

Vidole nitavigusia ila kwanza niambie umekifunga wapi. Nina hakika kama asilimia tisini kwamba kiko usawa wa bledi. Kikikaa hapo kinasukuma kile kipande kilichokatwa kijibane kwenye bledi, ndo kukwama kwenyewe huko. Kisogeze kije mbele, upande wako, kidole cha mwisho kiishie kabla meno hayajaanza kugusa mbao.

Kuhusu vidole: kichwa cha kibao kikate kwa nyuzi 30 hadi 45, vidole vifuate urefu wa nyuzinyuzi za mbao la sivyo vitavunjika, upana wa mm 5 hivi kila kimoja na mwanya ni njia moja ya bledi, urefu mm 60 au zaidi kidogo. Kibane mpaka vidole vipinde kidogo tu. Jaribu kuivuta mbao kurudi kwako: ikigoma, na kwenda kwenye bledi inaenda bila kusukuma kwa hasira, hapo pametosha. Angalia pia fensi yako inafungwa wapi, zile zinazofungwa mbele tu ukizibana kupita kiasi mkia unasogea, na mtarudi kule kule kwa swali la kwanza.

Wanaouliza kuhusu vibao vya vidole vinavyoshika meza kwa sumaku: kama meza ni ya aluminiamu usihangaike, havishiki.

Jigi yangu (kishikio cha mbao cha kujitengenezea) ya kukatia ndimi, zile ncha zinazoingia kwenye tundu kuunganisha mbao, inapanda juu ya fensi, inateleza vizuri, lakini ndimi hazitoki unene mmoja. Moja inaingia kwenye tundu, nyingine inalegea. – Seremala wa Jioni

Hili ndo swali nililolipenda. Jigi hii inakaa juu ya fensi kama tandiko juu ya punda, kuta mbili na kifuniko cha juu, na ukuta wa upande wa bledi ndo mbao inasimama ikiuegemea. Unasema inateleza vizuri. Sasa ishike juu uitikise kushoto kulia. Ikicheza hata kidogo, huo mchezo unauona kwenye ulimi.

Dawa yake ni kuiunganisha ikiwa juu ya fensi yenyewe. Weka karatasi moja upande mmoja wa fensi, bana kuta mbili na kifuniko, piga gundi na skrubu, subiri ikauke, toa karatasi, paka nta ndani. Nafasi inayobaki ni ya karatasi tu, inateleza na haitikisiki. Skrubu zote ziwe juu kuliko bledi itakapofika. Nyuma ya sehemu ya kusimamishia mbao weka mti uliosimama nyuzi 90 na meza, ucheki kwa guni (kile kipimo cha pembe mraba), mbao iegemee hapo na ikazwe kwa klampu, mkono usiwe ndo klampu.

Lakini inawezekana jigi haina kosa. Je, mbao zako zote ulizipitisha kwenye plena, mashine ya kusawazisha unene, kwa kipimo kimoja? Ukikata shavu (ubavu wa ulimi) la kwanza, ukageuza ukakata la pili, ulimi unakuja katikati wenyewe, sawa, ila unene wake unategemea unene wa mbao. Hesabu ni hii: jumlisha unene wa mbao na unene wa ulimi unaoutaka, gawa kwa 2, hiyo ndo nafasi kutoka uso wa jigi mpaka jino lililo karibu nayo. Mbao mm 22, ulimi mm 8, nafasi ni mm 15. Sasa ikija mbao ya mm 23 kwenye seti hiyo hiyo, ulimi unatoka mm 7. Na ukisogeza fensi nusu milimita, ulimi unabadilika milimita nzima, kwahiyo gonga kwa kidole, usivute.

Mabega, ile mikato ya kukingama pale ulimi unapoanzia, yakate kwanza mbao ikiwa imelala, mashavu baadaye, na kipande kinachoanguka kiwe upande wa nje wa bledi siku zote.

Naweza kutumia fensi kama kizuizi nikate vipande vingi vya urefu sawa? – Dada wa Vijaluba

Unaweza, ila kipande kisiwe kinaigusa fensi wakati kinakatwa. Funga kibao cha mm 25 kwenye fensi, upande wako, mbali kabla ya bledi. Mbao igonge hapo, iachane nacho, ndo ifike kwenye bledi ikisukumwa na kiongozi cha pembe, kile kinachoteleza kwenye gruvu. Kipande kikikatika kinabaki na nafasi ya mm 25 pembeni, hakibanwi. Kwenye kusoma rula ya fensi ongeza hizo 25: ukitaka kipande cha mm 100, fensi ikae 125.

Vijiti vyembamba vya mm 4 je? – Huyo huyo

Usivipitishe kati ya fensi na bledi, hamna hata pa kuweka fimbo ya kusukumia. Kijiti kiangukie upande wa pili. Tengeneza kizuizi kidogo kinachokazwa kwenye gruvu ya mezani, upande usio na fensi, kabla ya bledi, ncha yake iwe mm 4 nje ya jino. Kila ukikata, fungua fensi, sukuma mbao mpaka iguse ncha, funga fensi, kata tena. Kinachopungua ni mbao kubwa, vijiti vinatoka sawa. Ncha weka skrubu yenye kichwa cha mviringo, unaweza kuirekebisha kwa bisibisi bila kubomoa kitu.