Mradi wa wodini umefaulu? Usiharakishe kupiga makofi

Anayetaka kujua kama mradi wa kuboresha huduma za uuguzi umefaulu asianzie kwenye ripoti ya mwisho. Aulize kwanza hali ilikuwaje kabla. Nimekaa kwenye kamati za ubora kwa miaka, na hilo ndilo swali linalowanyamazisha wengi. Watakuonyesha mabango na orodha ya mahudhurio ya mafunzo, lakini hayo yanathibitisha tu kwamba kazi ilifanyika. Kama mgonjwa alinufaika, ni habari nyingine.

Tuchukue vidonda vya mgandamizo, vile vinavyompata mgonjwa anayelala muda mrefu bila kugeuzwa, maana ndiko nilikohangaika zaidi. Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari na mtafiti wa ubora wa huduma za afya, aliugawa ubora wa huduma mafungu matatu: mazingira ya kazi, utendaji na matokeo. Mimi huyageuza kuwa maswali. Magodoro na wauguzi wanatosha? Mgonjwa anageuzwa kweli? Vidonda vipya vimepungua? Hilo la pili ndilo lenye mtego.

Usiku mmoja, saa 8, nilipita wodini nikakuta fomu ya kumgeuza mgonjwa imeshajazwa mpaka saa 12 asubuhi. Kalamu moja, mwandiko mmoja, tiki zimejipanga kama askari wa gwaride. Mgonjwa mwenyewe alikuwa chali, kisigino kimewiva, na nilipokibonyeza wekundu haukufifia, dalili ya kidonda kinachoanza. Kwenye karatasi wodi ile ilikuwa na asilimia 100. Muuguzi wala sikumgombeza. Alikuwa peke yake na wodi imejaa. Lakini tathmini inayotegemea fomu tu isingemwona mgonjwa yule kamwe. Kwa hiyo chagua vitanda vichache bila kutangaza, upite saa za ajabu, uangalie ngozi kwa macho yako. Ndugu anayemuuguza naye muulize. Huwa anajua mengi.

Kwenye matokeo, idadi peke yake hudanganya. Vidonda vipya 3 katika wodi yenye wagonjwa 20 kila siku kwa siku 30, yaani siku 600 za kulazwa, ni 5 kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Wagonjwa wakiwa 10, vidonda hivyo hivyo 3 vinakuwa 10 kwa 1,000. Na waliofika tayari wana vidonda wahesabiwe kando. Halafu waambie wakubwa mapema kwamba miezi ya mwanzo idadi inaweza kupanda, kwa kuwa sasa watu wanakagua na kuandika. Usipowaambia, mradi utafungwa kabla haujakomaa.

Miezi miwili mizuri inaweza kuwa bahati tu. Chora grafu ya vidonda vipya mwezi kwa mwezi, upige mstari kwenye thamani ya katikati (median) ya kipindi cha kabla ya mradi. Alama 6 mfululizo zikikaa upande mzuri wa mstari, hapo unaweza kusema kuna kitu kimebadilika.

Uliza pia mradi umeharibu nini. Dawa za jioni zinachelewa? Wauguzi wanalalamika migongo?

Kisha subiri msimamizi wa mradi ahamishwe, maana lazima atahamishwa, urudi baada ya miezi 6. Mtafute muuguzi aliyeajiriwa mafunzo yakiwa yameshapita, umuulize mgonjwa gani wa zamu yake yuko hatarini zaidi kupata kidonda na amempangia nini. Akikupeleka moja kwa moja hadi kitandani, andika hilo kwenye tathmini yako.