Maua makubwa ukutani: kwa mnaoanza kazi ya kupamba ndani

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wachague maua gani. Mimi huwauliza kwanza: yataishia wapi? Nakshi kubwa isiyo na ukomo inameza chumba kizima, na ukibadilisha rangi hujaponya kitu.

Tandika kanga sakafuni uitazame vizuri. Kuna mji, yaani uwanja wa katikati wenye maua, kuna jina, yaani ule msemo ulioandikwa chini yake, na pindo limezunguka pande zote nne. Sasa likunje pindo lote kwa nyuma, ubaki na mji peke yake. Maua ni yaleyale na rangi ni zilezile, lakini jicho linatangatanga. Ndiyo maana huniuma nikikuta kanga imekatwakatwa kuwa foronya za mito ya kochi, jina nusu huku, nusu kule. Ukitaka mito, nunua kitenge. Chenyewe kimechapwa maua ya kujirudia jora zima, na mkasi haukiharibu. Kanga itundike nzima, na ukuta unaoizunguka uache mweupe.

Wazee wa Lamu walilijua hili kitambo. Katika nyumba zao za mawe za karne ya 18, ukuta wa zidaka (vishubaka vilivyochongwa ukutani) kwenye chumba cha ndani umesheheni nakshi za chokaa, kidaka juu ya kidaka, na kuta nyingine zimeachwa zitulie. Mgeni akiingia, anajua mara moja pa kutazama.

Kwa wasanii wa kisasa mambo ni hayohayo. Mwaka 2010 Yinka Shonibare, msanii wa Uingereza mwenye asili ya Nigeria, aliweka Trafalgar Square, London, mfano wa meli ya Nelson, kamanda wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza, ndani ya chupa kubwa. Matanga yake yote 37 yana nakshi kama za vitenge vyetu, lakini meli yenyewe imefuata kwa makini umbo la HMS Victory, meli halisi ya Nelson. Rangi zote zimekaa kwenye tanga, na hapo ndipo nguvu ya kazi ile ilipo. Yayoi Kusama wa Japani naye alikwenda kinyume kwa makusudi. Katika chumba alichokibuni mwaka 2002 kwa ajili ya jumba la sanaa la Queensland, Brisbane, kila kitu kilikuwa cheupe, kisha watoto wakapewa vibandiko vya duara vya rangi wabandike watakapo. Baada ya muda huoni tena kiti kilianzia wapi na meza iliishia wapi. Alitaka vitu vipotee. Mteja wako sebuleni hataki kochi lake lipotee.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Rola ya kawaida ya karatasi ya ukutani ina upana wa sm 53 na urefu wa mita 10. Tuseme ukuta una kimo cha mita 3 na upana wa mita 4. Utahitaji vipande 8, kila kimoja sm 310 ukiacha ziada ya kupunguza juu na chini. Karatasi isiyo na maua inatoa vipande 3 kwa rola, hivyo rola 3 zinatosha. Lakini kama maua yanajirudia kila sm 60, kila kipande kinakula sm 360 ili maua yaoane na ya jirani yake. Rola inatoa vipande 2 tu, na unahitaji rola 4. Mpe mteja hesabu hiyo kabla hujachukua pesa yake. Na kipande cha kwanza kipime kwa timazi (uzi wenye uzito chini), usifuate kona ya nyumba, kwa sababu kona nyingi zimepinda na maua makubwa yatakuumbua.

Kwa nyumba za mawe za pwani, Mji Mkongwe au Lamu, karatasi iache kabisa. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa zinanyonya na kutoa unyevu, zinahitaji kupumua, na gundi haitadumu. Wamba kitambaa kwenye fremu ya mbao, uache nafasi kidogo kati yake na ukuta ili hewa ipite. Usikiweke mkabala na dirisha la jua la mchana; rangi za pamba zitapauka.

Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine: ngazi. Mistari au maua makali juu ya vidato yanaficha ukingo, na mtu mzima mwenye macho dhaifu ataanguka. Kama mteja ameng'ang'ania, nakshi ikae kwenye uso wa wima wa kidato, na ukingo upate mstari wa rangi moja inayojitenga.

Kabla ya kununua, omba mita moja ya kitambaa, kitundike mahali pake, ukitazame ukiwa mlangoni mchana na tena usiku taa zikiwaka. Ukiridhika, nunua chote siku moja, na kwa karatasi linganisha namba ya toleo kwenye kila rola, kwani rangi ya toleo moja na jingine hutofautiana kidogo, na ukutani tofauti hiyo inaonekana.