Mwaridi Hushika Mombasa: Shubiri, Mdalasini na Kivuli

Tangu niweke mtandaoni ile picha ya mwaridi wangu ukiwa umechanua wote kwa pamoja, simu haijatulia. Wanaouliza ni wengi lakini swali ni moja: "Dada, umetumia dawa gani?" Dada mmoja wa Kilifi ndiye aliyenifanya nikae chini niandike. Alichomeka vijiti vya mwaridi kwenye viazi mbatata kama alivyoona kwenye video, akafunika kwa chupa, akaviweka uani penye jua. Vijiti vyote vimeoza, viazi vimechipua. Sasa anataka kujua kama mawaridi kweli huota pwani au watu wanadanganyana.

Dadangu, yanaota. Nalisema hili kifua mbele, maana nimeambiwa kinyume chake na watu waliojiona wanajua kuliko mimi, na mwaridi wangu leo unanipita kimo.

Asili yake ni uani kwa nyanya yangu, Majengo, hapa hapa Mombasa. Ulikuwa umesimama karibu na pipa la maji ya mvua, ubavuni mwa mwasumini, na chini yake mrihani ulijiotea tu. Sisi wajukuu tulikuwa hatuugusi bila ruhusa. Siku ya kufunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, nyanya alitoka na sinia ya shaba, akachuma maua kabla jua halijapanda, akakaa kwenye mkeka. Alilishika ua kwa vidole viwili, akaminya kwa ukucha pale chini penye kijani, na majani yote ya waridi yakaachia kwa mara moja yakaangukia sinia. Halafu akachanganya na asumini na mrihani, akafunga kwa uzi. Waridi lenyewe dogo, pinki iliyofifia, kishina kifupi. Ungepita karibu usingeliona, lakini harufu ingekugeuza shingo.

Nyanya alipofariki nyumba ikauzwa. Mambo ya mirathi sitayaeleza hapa, kila mtu ana yake. Mnunuzi alitaka kiwanja ajenge ghorofa, na uani pangepita msingi. Mimi sikuomba kitu ila nafasi ya kukata vijiti kabla mwaridi haujang'olewa. Mkubwa mmoja wa ukoo akaniambia mbele ya wageni, "Wenzako wanagawana nyumba, wewe unagawana miiba." Watu wakacheka. Neno lile halijanitoka moyoni hadi leo.

Nikaenda kwa muuza miche mmoja kando ya barabara kutaka ushauri. Hakuinua hata kichwa. Mawaridi ni ya bara, akasema, nunua mche uliobebeshwa (uliounganishwa juu ya shina jingine) utokao Limuru, ukikufia ununue mwingine. Ushauri wa mtu anayeuza ndio huo.

Basi nilikata, nikafunga kwa gazeti lililolowa na kipande cha kanga kuukuu, nikavuka daraja la Nyali na mzigo wangu mapajani hadi kwangu Kisauni. Vingine vilikufa, vingine vikashika. Siwachoshi na siku za katikati, ni kutia maji na kungoja tu.

Mwaka huu yule yule aliyenicheka amemtuma mtu aniombe mawaridi ya harusi ya bintiye. Nilimpa. Nilijaza sinia nikaipeleka mwenyewe, nikataka aone kwa macho yake nini kilichotoka kwenye ile miiba.

Sasa ushauri, na ukishika jambo moja katika yote haya, shika hili: mama wa kijiti, yaani mti unaokikata, ndiye muhimu kuliko dawa yoyote ya jikoni. Yale mawaridi marefu ya dukani yanayotoka Naivasha hukuzwa zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye usiku wa baridi ambao sisi hatuujui. Mengi hubebeshwa juu ya shina la aina nyingine, Natal Briar likiwemo, kwa sababu mizizi ya shina hilo ina nguvu. Ua limekatwa, limelala kwenye baridi, limesafirishwa, ndipo wewe unalichomeka kwenye mkebe Mombasa mwezi wa Februari. Hata kikishika, hicho kijiti kitasimama kwa mizizi yake mwenyewe, si ile iliyokuwa ikimbeba mama yake shambani. Ya nini kujipa tabu hiyo? Tafuta mwaridi wa zamani uani kwa mtu, ule ambao umeshaonja joto letu na chumvi yetu na bado unachanua. Bisha hodi, omba kwa adabu. Wazee wetu hawanyimi kijiti, wanachonyima ni kuvunjiwa mti ovyo.

Kata asubuhi, kwenye tawi lililokwisha kutoa ua. Kitakiwacho ni unene wa penseli, rangi bado kijani lakini gamba limekaza, urefu wa sentimita 15 hadi 20, na macho matatu au manne, yaani pale majani yanapotokea. Bonyeza mwiba kando: ukikatika safi kwa mlio mdogo tawi limekomaa, ukipinda tu tawi bado changa, liache. Chini kata mshazari, chini kidogo tu ya jicho, kwa wembe mpya. Mkasi wa jikoni huponda, na palipopondwa ndipo uozo huingilia. Juu acha majani mawili, mengine toa. Kisha paruza gamba upande mmoja wa chini, kama sentimita 2, hadi uone weupe wenye unyevu. Hapo patatokea kwanza uvimbe mweupe kuzunguka ukingo wa jeraha, ndipo mizizi ifuate.

Nikija kwenye vitu vya jikoni vya kuoteshea vijiti, naona watu wanavipa sifa visizostahili na kuvinyima zile vinazostahili.

Shubiri ndiyo yangu. Pasua jani bichi, acha ile maji ya njano ichuruzike yote, halafu kichomeke kijiti ndani ya ute kikae kidogo. Ute hukizuia kisikauke na hulilinda jeraha. Mama zetu waliipaka shubiri kwenye titi kumwachisha mtoto kunyonya, kwa hiyo kila mtaa una mshubiri, hakuna haja ya kununua unga wa dukani. Mdalasini wa kusaga, huo huo wa pilau, huua kuvu. Baada ya ute, gusa ncha kwenye unga, kung'uta, basi. Asali nayo huzuia vijidudu, lakini haina kichocheo cha mizizi ndani yake, na kwetu huleta sisimizi, kwa hiyo nimeiacha.

Maji ya dafu nimeulizwa sana, na Mombasa ni nani asiyekuwa na dafu? Ni kweli yana vichocheo vya mimea. Tangu 1941, wakati mwanasayansi Johannes van Overbeek na wenzake walipoyatumia kukuza viinitete vya mmea wa Datura, maabara nyingi zimeyatumia. Lakini kichocheo kinachosifika humo zaidi ni saitokinini, ambacho husukuma chembe hai za mmea zigawanyike na machipukizi yatoke. Mizizi hutaka kichocheo kingine, oksini. Tena maabara husafisha kila kitu kwa moto na dawa, wewe uko uani. Dafu lina sukari, na sukari kwenye joto letu huchacha siku hiyo hiyo. Kunywa dafu lako.

Kiazi ni shida tupu. Ni chakula chenye maji, kimefunikwa, kwenye joto. Kitaoza, na kikioza kinaoza na kijiti ndani yake. Dada wa Kilifi hakukosea mkono, alipewa ushauri wa nchi za baridi, na hata huko siuamini.

Na majivu, na maganda ya mayai? Tafadhali, si kwetu. Ardhi ya kisiwani na ya huku Kisauni imekaa juu ya matumbawe, ina chokaa tele tayari. Mwaridi hupenda udongo wenye asidi kidogo. Ukiongeza chokaa mti unashindwa kufyonza chuma, majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mtu akiona hivyo anazidisha majivu akidhani ni njaa. Nimeona mti mzuri ukimalizwa kwa mapenzi ya namna hiyo.

Udongo wa kuatikia ni nusu mchanga wa mto na nusu vumbi la makumbi ya nazi. Mchanga wa ufuoni una chumvi na vigae vya kome, usiuguse. Makumbi nayo, ikiwa yalilowekwa baharini kwa kazi ya kamba, yaoshe kwa maji matamu hadi ukionja maji yake huhisi chumvi. Ndiyo, yaonje. Weka kwenye kopo lililotobolewa chini, toboa shimo kwa kijiti kingine ili dawa yako isifutike, zamisha macho mawili, kandamiza kwa vidole.

Maji, jamani, maji. Kisima cha chumvi kitakuulia kila kitu hata ufanye mengine yote sawa. Kinga maji ya mvua, nyanya yangu hakuweka lile pipa pale kwa bahati. Kama huna, maji ya bomba yalaze kwenye ndoo usiku mmoja. Ukinunua mtungi wa mkokoteni, onja kwanza. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

Funika kwa chupa kubwa ya maji iliyokatwa chini ili unyevu ubaki, kizibo ukifungue mchana, na uweke kivulini. Kivuli cha mwembe au ukuta unaotazama kusini hufaa. Chupa juani hukipika kijiti, na naamini hilo limeua vijiti vingi Mombasa kuliko ugonjwa wowote. Msimu nao una neno. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, mchana hufika nyuzi 32 au 33, usijitese. Subiri mvua kubwa ya Mei ipite. Juni hadi Agosti, kusi ikiwa imepoza hewa, ndio wakati wangu.

Halafu kuna mtego mmoja unaowavunja moyo wengi. Baada ya muda utaona majani mapya mekundu yanatoka. Usishangilie, na usiondoe chupa. Majani hayo hutoka kwa akiba iliyomo ndani ya kijiti chenyewe, mizizi bado. Watu hutoa mche juani siku hiyo, ukanyauka, wakasema mawaridi ni ya bara. Ngoja mwezi, hata miwili. Vuta kidogo sana: ukihisi umeshikwa kwa chini, acha hapo hapo. Mizizi ikichungulia kwenye tundu za kopo, fungua chupa saa chache kwa siku, ongeza polepole.

Naomba niseme na wanawake wenzangu. Tunanyunyizia wageni marashi ya waridi kwenye kila harusi, chupa imetoka ng'ambo, na tunaagiza maua kutoka bara kwa bei inayouma. Wakati huo huo miwaridi ya nyanya zetu inang'olewa kila nyumba inapouzwa, na hakuna anayenyanyuka kukata hata kijiti kimoja. Mtu akifa tunakimbilia mirathi kabla hajazikwa. Ulizeni uani kuna nini. Kateni mapema, mwenyewe akiwa hai, akuoneshe tawi lipi. Watakaocheka waache wacheke.

Mche ukishika vizuri, uhamishie kwenye ndoo yenye tundu chini, ujaze mboji na samadi ya mbuzi iliyokaa ikapoa, na mchanga kidogo. Ukipanda chini, chimba hadi utoe mawe ya matumbawe na ujaze udongo mwingine, usichanganye na ule wa zamani. Jua la asubuhi linatosha. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, maana majani yakilala na maji hupata madoa meusi. Wakati wa kaskazi tazama mgongo wa majani. Ukiona vumbi jekundu linalotembea, huo ni utitiri, ufukuze kwa maji yenye nguvu, kisha nyunyiza maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha, jioni, jua likishaondoka. Na tumba la kwanza likitokeza mche ukiwa haujafika magotini, lichune. Najua linavyouma. Nguvu hiyo bado inahitajika kwenye mizizi. La pili nalo lichune, ikiwa shina bado jembamba.